Miaka Yangu ya Kunakili Tungo za Shomari

Kila anayefika hapa kwangu Mtunda huniuliza jambo lile lile. Shomari alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mrefu? Alikuwa mkali? Ni kweli aliweza kutunga tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kupumzika? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza wino tulikuwa tunautoa wapi.

Basi ninyi wajukuu wa shemeji yangu Mkumba, mliokuja kujifunza kalamu kwangu, leo nitawaambia habari za wino kwanza. Shomari mwenyewe atatokea humo humo, maana sijui kumtenga na kazi. Nilikuwa mkewe miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo kila alichotunga kilipita mikononi mwangu kabla hakijafika masikioni mwa watu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sikuwa na nyingine, ukiacha jembe, na jembe kila mtu analo.

Wino wetu ulikuwa masizi. Si masizi ya chungu, hayo yana mafuta ya mchuzi na hayashiki. Unataka masizi ya taa. Unaweka kigae juu ya utambi, unangoja kiwe cheusi, unakikwangua taratibu kwa ujiti, halafu unayachekecha masizi yako kwa kitambaa. Unayasaga pamoja na gundi ya mgunga iliyolowekwa siku mbili, mpaka ukichovya kidole kinang'aa kama mgongo wa mende. Gundi ikizidi, kalamu inakwama. Gundi ikipungua, wino unageuka vumbi, na siku ya pili msomaji akikohoa utenzi wote unaruka. Msicheke. Liliwahi kunipata.

Na kalamu ni tete la mtoni. Tete changa linakunywa wino wote lenyewe, na lililokauka mno linakwaruza karatasi. Chagua la katikati, likate mshazari, kisha upasue ncha yake kidogo, upana wa unywele. Ninyi mna kalamu za chuma za dukani na wino wa chupa, na shuleni mnafundishwa herufi za Kizungu. Sawa. Lakini tete mkilijua, hamtakwama hata duka likifungwa.

Mimi nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa na chuo cha Kurani kule Nyamisati. Watoto wake wa kiume hawakuwa na subira. Kaka yangu Bakari aliacha kalamu akaenda kukata mikoko, na mpaka leo akiandika jina lake linatoka na mguu mmoja. Mimi nilikaa. Baba alikuwa akinakili nyaraka za watu, barua za mirathi, dua, mashairi ya harusi, na kazi ndogo ndogo alinitupia mimi.

Siku moja akanitupia shairi la mtu mmoja wa Mtunda, mkulima wa mpunga, aliyekuja nalo limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Mwandiko ule! Ungedhani kuku amevuka tope akakanyaga karatasi. Lilikuwa shairi la kumsifu bibi harusi, lisomwe siku ya harusi pale pale Nyamisati. Nikalinakili haraka haraka, maana nilitaka kwenda kuitazama ngoma.

Sasa ninyi mnajua kwamba katika herufi zetu za Kiarabu be na te ni mwili mmoja. Nukta ndizo zinazozitenga: moja chini ni be, mbili juu ni te. Mimi akili yangu ilikuwa ngomani, nukta zangu zikapanda juu. Siku ya harusi mjomba wa bwana harusi, mzee mwenye sauti nene, akaikunjua karatasi mbele ya watu wote, akajikohoza, akasoma: "Ewe titi wa harusi!"

Alisoma karatasi kama ilivyo, maskini. Na kwa kuwa jina lile lilirudi kila ubeti, alilisoma mara saba. Kufika mara ya nne wanawake walikuwa wamejilaza chini kwa kicheko, na bibi harusi amejifunika kanga mpaka miguuni.

Asubuhi yake mwenye shairi akaja kwa baba. Nilimwona kwa mbali nikaingia jikoni kujificha. Nikasikia anauliza, "Maalim, nani aliyeninakilia?"

Baba akasema, "Binti yangu. Nitamwadhibu."

"Mwite kwanza."

Nikatoka, macho chini. Akanitazama akasema, "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nimetunga miaka sita. Watu hawajawahi kulikumbuka shairi langu kama hili la jana. Njia nzima mpaka hapa wananiimbia." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha chini, kama mtu anayekohoa ndani ya chungu. Huyo ndiye Shomari. Hakuwa mrefu.

Baba hakucheka. Alipoondoka mgeni akanichapa fimbo moja, moja tu, akaniambia, "Nukta ni amana. Ukiiweka pasipo pake umemsingizia mtu maneno." Fimbo nimeisahau lakini neno sijalisahau. Mwezi haukwisha Shomari akaleta posa.

Wengi wanadhani mtunzi hukaa kwenye mkeka, karatasi mbele yake, anafikiri. Shomari akikaa kitako alikuwa hana hata neno moja. Alitunga akitembea, akilima, akipiga kelele za kufukuza ndege. Mpunga ukianza kukomaa tulikwenda kushinda bondeni, tukikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, na kutwa nzima yeye alizunguka shamba akitupa udongo kwa teo na kutoa beti. Mimi nilikuwa juu, na karatasi ziko nyumbani, mwendo wa saa mbili.

Basi nikabuni njia yangu. Nilichukua ukili wa ukindu, na kila ubeti ukitoka nilifunga fundo. Fundo si ubeti, msije mkadhani nilikuwa mchawi. Fundo lilikuwa ahadi kwamba hapa pana kitu. Na ubeti wenyewe niliushika kwa mkia. Wengi hujaribu kushika mwanzo wa ubeti, nao huwaponyoka kama kambare. Shika kina cha mwisho, halafu rudi nyuma, neno kwa neno, utaukuta wote umekaa. Jioni nilirudi nyumbani, nikafungua fundo moja moja na kuandika. Nilipofika kwenye beti mia za kwanza bila kupoteza hata moja, Shomari alipita nyuma yangu, akatazama, akasema, "Hm." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tuligombana pia. Mara moja alinipa mstari, nikauhesabu, nikamwambia, "Bwana, mizani imezidi. Ni tisa."

"Ni nane."

"Hesabu mwenyewe."

Akahesabu kwa vidole, akarudia, akaanza upya kutoka kidole gumba. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nakoroga uji, akaja akasimama mlangoni akautoa mstari ule umetengenezwa, umekaa kama mkuki. Hakusema nisamehe. Alisema, "Sasa uandike." Nami niliandika, na uji ukaungua.

Jina lake lilitoka Mtunda likaenda Kibiti, likavuka mpaka Mafia na Kilwa. Watu walikuja kutoka mbali kutaka nakala. Mwisho wa kila nakala niliandika, kama baba alivyonifundisha, "Kwa mkono wa Zena binti Maalim." Waliokuja kunakili kutoka kwangu waliliacha jina hilo, maana linakula karatasi. Siku moja nilikuwa kwenye maulidi, nimekaa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nikasikia mzee mmoja akisema kule mbele, "Huu ni mwandiko wa Shomari mwenyewe, tazameni ulivyo mzuri!" Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kama nina kwikwi.

Sasa niwaambie habari za vita.

Mmesikia mengi juu ya pamba. Sisi tulilazimishwa kulima shamba la pamba la jumbe, tukaacha mpunga wetu uliwe na nguruwe. Shomari aliitunga habari ile, akaituma kimya kimya kwa wanaume wenzake. Kisha wakaja watu kutoka upande wa Matumbi na habari za maji, kwamba anayeyanywa na kupakwa, risasi haimdhuru. Mdogo wake Shomari, babu yenu Mkumba, alikuwa kijana wa ndoa changa, mkewe ana mimba. Aliyanywa. Alikuja kutuaga akiwa na mkuki na kibuyu.

Shomari akamwuliza, "Unayaamini?"

Mkumba akasema, "Kaka, pamba nimeilima miaka mitatu. Ukiniambia niamini pamba au niamini maji, nitaamini maji."

Shomari alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba, na aliporudi alikuwa ameshaanza kutunga. Ubeti wa kwanza wa utenzi ule, ambao sasa kila mtu anaujua, ulikuwa huu:

Aliondoka Mkumba
kaacha jembe na nyumba
mke kamwacha na mimba
mpaka leo twangoja.

Tangu siku hiyo, kila mwanaume aliyeondoka Mtunda na vijiji vya jirani, Shomari alimwekea ubeti wenye jina lake, na jina la baba yake, na kitu alichokiacha. Mmoja aliacha mtego wa samaki haujateguliwa. Mmoja aliacha deni la mahari. Nilimwuliza, "Bwana, huandiki vita vyenyewe?" Akanijibu, "Vita wataviandika wenye vita. Mimi naandika nani hayupo."

Alitaka niandike kwa wino wa chupa, ule wa dukani usiofutika, ili kazi idumu. Nikakataa. Nilisema wino ule unanuka, na kalamu yangu haiupendi. Kwa kweli nilikuwa mkaidi tu. Nikaandika kwa masizi.

Kisha Wadachi wakaleta askari wengi. Wakachoma nyumba, wakachoma maghala, mpunga uliokuwa bado shambani ukakanyagwa. Sisi tulikimbia kabla hawajafika, mimi, Shomari na mke wa Mkumba, tukashuka na mto kwa mtumbwi mpaka Kiongoroni, kwa kaka yangu Bakari. Niliondoka na vitu viwili: chungu cha chumvi, na mfuko wa ngozi wenye karatasi thelathini na nane za utenzi. Shomari alisahau hata viatu.

Kiongoroni ni matope na mikoko na maji yanayopanda na kushuka. Hakuna pa kulima. Tulikula kaa, tukala samaki, tukachimba ming'oko, ile mizizi ya porini, upande wa bara tulipoweza kufika. Mwezi wa pili tukiwa pale, Mkumba akatokea. Alikuwa amekonda, bega limetobolewa na risasi, na mkewe alipomwona alikaa chini tu. Bakari akamjengea kichanja katikati ya mikoko, mahali ambapo mtu asiyezijua njia za maji hawezi kufika.

Nilipokwenda kumfunga dawa begani nilimsomea ubeti wake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, kumbe mmeshanililia? Niacheni niseme basi na mimi, nimekuja!" Akacheka, halafu bega likamuuma akaguna. Lakini alikuwa mtu wa kufikiri. Akaniuliza, "Majina mangapi yamo humo?"

"Sabini na moja."

"Na wote waliorudi wakajificha, kama mimi, majina yao yamo?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini katika mfuko ule. Boma la Wadachi lilikuwa likitafuta wale waliokwenda vitani, na waliopatikana walinyongwa. Mimi nilikuwa nimewaandika wote, na baba zao, na vijiji vyao, kwa mwandiko safi.

Nilimwambia Shomari. Akauweka mfuko magotini, akasema, "Tuutunze mpaka itakapobidi." Wiki ile ile yeye na Bakari wakaenda Nyamisati kutafuta mpunga kidogo, maana mke wa Mkumba alikaribia kujifungua.

Bakari alirudi peke yake. Alisimama kwenye matope nje ya nyumba, hataki kuingia.

"Dada," akasema, "wamemchukua."

Kulikuwa na askari pale bandarini, wanakusanya wapagazi wa kwenda kusini. Walimwona Shomari ana miguu na mgongo, wakamtwika mzigo. Hawakumjua yeye ni nani. Nikamwuliza Bakari, "Alisema nini?"

"Alisema, mwambie Zena aitunze hati."

Neno hilo nilikaa nalo siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, maji yakiwa yanapanda, mtoto wa jirani akaja mbio akasema mashua ya askari imeingia mkondoni na inasimama kila nyumba. Bakari akaruka kwenye mtumbwi kwenda kumtoa Mkumba kichanjani na kumzamisha matopeni mpaka shingoni. Mimi nikabaki na mfuko.

Kuuzika? Maji yangeufukua. Kuuchoma? Moshi wa karatasi una harufu yake, na jivu lake linajulikana. Nikachukua beseni la udongo, nikalijaza maji ya mtungi, nikaanza kuosha.

Masizi na gundi, wajukuu zangu, yakikutana na maji yanaachana. Karatasi ya kwanza niliisoma yote kabla sijaiingiza. Ya pili nikasoma nusu. Baadaye sikuwa na nafasi ya kusoma. Niliona majina yanavimba, yanalegea, yanakuwa wingu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unafuta kazi ya mkono huo huo. Mke wa Mkumba alikuwa akizipokea na kuzianika juu ya uzio kama nguo za mtoto. Tulipofika ya thelathini na nane, mashua ikagonga gati.

Walikuwa watano. Mkubwa wao, ombasha, alikuwa Mwislamu kama sisi, mtu mzima, macho mekundu. Wakapekua nyumba, wakamwaga chungu cha chumvi. Kisha ombasha akaona karatasi juu ya uzio, zimekuwa za kijivu, zinachuruzika.

"Nini hizi?"

Nikasema, "Kombe, bwana. Tuna mja mzito na tuna homa. Baba yangu alikuwa maalim, ameniachia elimu kidogo."

Mnalijua kombe: aya za Kurani huandikwa, zikaoshwa, na maji yake akayanywa mgonjwa. Ombasha akalitazama beseni. Maji yalikuwa meusi kama usiku wa mawingu. Nikaona anatetemeka kidogo, nikajua kwamba macho yale mekundu si ya ukali.

"Ni la homa?" akauliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie.

"La homa, bwana."

"Nipe."

Nifanye nini? Nikachota kwa kifuu cha nazi, nikampa. Akasema bismillahi, akanywa. Akaomba kingine. Alikunywa majina ya watu aliokuwa akiwatafuta, na majina ya baba zao, akajifuta mdomo akasema, "Mungu akulipe, mama." Kisha wakapanda mashua yao wakaenda zao. Nilimwomba Mungu msamaha kwa uongo ule siku ile ile, na bado naomba. Lakini babu yenu akatoka matopeni mzima, na siku ya nne baba yenu akazaliwa.

Watu wakisikia kisa hiki hufurahi. Mimi nilikaa kando ya lile beseni nikawaza: Shomari ameniambia kitu kimoja tu, na hicho sikukifanya.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kukumbuka. Nilikumbuka nikitwanga, nikichota maji, nikichokoa kaa. Vita vilipotulia tukarudi Mtunda, tukakuta magugu yamefika shingoni, na njaa ile iliyoua wengi kuliko risasi. Niliandika kwenye chochote: vipande vya karatasi, mbao, hata maganda ya mgomba. Kila niliposikia mtu anatembea nje kwa hatua nzito niliinua kichwa. Shomari alikuwa anaburuza kidogo mguu wa kushoto, kwa hiyo nilijua kabla ya kuona kwamba si yeye. Lakini kichwa kiliinuka tu. Miaka na miaka kiliinuka.

Boma lilipotangaza kwamba wanaojisalimisha hawatadhuriwa, na watu wakaanza kutokea maporini, nikanakili utenzi safi kwa karatasi mpya. Katika beti zote zilinipotea kumi na tisa. Majina nilikuwa nayo yote, lakini beti zenyewe hazikurudi. Nikaacha nafasi nyeupe mahali pake.

Mkumba akaziona. "Shemeji, mbona umeacha mashimo?"

"Sizikumbuki."

"Si ujaze? Umeishi naye miaka yote hiyo. Unajua angesemaje."

"Najua angesemaje," nikamwambia. "Lakini sijui kama ndivyo alivyosema."

Wanaokuja kunakili siku hizi huzijaza wenyewe, nami nikiziona beti zao nazitambua mara moja, kama mtu anavyolitambua jiwe kwenye mchele. Msifanye hivyo. Pasipo na neno la mtu, acheni peupe.

Miaka saba ilipita. Siku moja adhuhuri nilikuwa naanua mpunga, akaja mgeni, mtu wa Matumbi, jina lake Abdala Kindamba, ana kovu la kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Akauliza, "Hapa ndipo kwa Zena?"

Nikasema ndipo. Nikampa maji, nikampa mkeka, nikampa chakula, naye akala polepole, na mimi sikumwuliza kitu, maana nilijua. Alipomaliza akaniambia. Walikuwa wapagazi pamoja. Shomari alifika mbali, mpaka ng'ambo ya Mto Mbarang'andu. Akaumwa tumbo. Walimzika wenyewe, wapagazi watatu, kwa dua, wakaweka mawe juu.

Nililia, bila shaka. Lakini nilikuwa nimeshalia mengi kabla yake. Kilichonivunja ni alichokisema baadaye.

Sasa lazima niwaambie kitu ambacho sijawahi kuwaambia wanaokuja kuuliza. Shomari alitunga juu ya mafuriko, juu ya viboko, juu ya majumbe na mahari na mazishi. Juu yangu hakutunga hata mstari mmoja. Niliwahi kuona uchungu. Siku moja nikamwuliza, kwa mzaha, nikiwa nimeshika kalamu, "Na mimi je?" Akageuza uso akaenda kutazama mbuzi, na mbuzi hatukuwa nao. Nikaliacha.

Kindamba akasema, "Mama, alikuwa anatunga njia nzima. Mizigo kichwani, yeye anatunga."

"Anatunga nini? Vita?"

Akanishangaa. "Wewe. Alikuwa anakutunga wewe. Kila siku. Tulipokuwa tukipumzika alitusomea. Tulikuwa tunakujua wote: unavyokunja paji la uso ukihesabu mizani, uji wako unavyoungua. Nilimwambia, kwa nini hukumsomea mwenyewe? Akasema, ningemsomeaje? Yeye ndiye anayeandika. Ningekaa mbele yake nimwambie andika kwamba nakupenda? Angehesabu mizani."

Nikasogea karibu naye.

"Beti ngapi?" nikamwuliza.

"Nyingi, mama. Mia mbili. Zaidi."

"Una ngapi wewe?"

Akainamisha kichwa. "Mimi si mtu wa elimu. Nilijua nitakuja kuulizwa, nikajitahidi. Nimeshika mbili."

Nikaleta kalamu na karatasi. Nikamwambia aseme taratibu, aseme kama alivyosikia, asiongeze kitu. Akafumba macho, akasema:

Zena vidole vya wino
kalamu yako sindano
washona yangu maneno
yasende uchi njiani.

Mzigo nimejitwika
shingo yangu yakatika
jina lako nikishika
huwa unyoya kichwani.

Nikahesabu. Nane, nane, nane, nane. Zote zimetimia. Tangu fimbo ile ya baba, hizo ndizo beti pekee nilizokosea nukta: moja imekaa vibaya mpaka leo. Sijaisahihisha.

Wapagazi waliozisikia walikuwa wengi, walitoka huku na huku, na wengine walirudi makwao. Kindamba alinitajia Liwale, akanitajia Songea. Nilituma salamu kwa kila msafiri, nikapata majibu mawili, yote ya watu waliosahau. Sasa macho yangu hayafiki mbali na miguu haifiki popote.

Lakini ninyi mna miguu. Nendeni mkafanye kazi zenu, nendeni hata kusini, mkalime, mkafundishe, mkauze chumvi. Na mkiwa huko mkamsikia mzee yeyote anaghani juu ya mwanamke anayeunguza uji, msimkatize na msimsaidie neno. Ushikeni ubeti kwa mkia wake, muuandike, mniletee. Nikiwa nimeshaondoka, zisomeeni pale kaburini kwangu, taratibu, moja moja, ili niweze kuhesabu.